Herufi Thelathini za Jina

Saa kumi na moja kasoro dakika saba, jioni ya tarehe 12 Januari 2010, ardhi ilitetemeka Haiti. Daniel Morel, mpiga picha wa habari aliyezaliwa Port-au-Prince, alikuwa mjini humo na kamera yake. Majengo yalikuwa yameanguka kila upande, naye akawa anapiga picha za watu waliokuwa wakitoka kwenye vifusi. Moja ilimwonyesha mwanamke aliyejaa vumbi mwili mzima, akitazama nje kutoka katikati ya mabaki ya zege. Morel alipopata intaneti alijifungulia akaunti ya Twitter, kitu ambacho hakuwa nacho kabla ya siku hiyo, akazipakia picha zake kupitia huduma ya TwitPic. Kando ya kila picha lilisomeka jina lake.

Muda mfupi baadaye mtu mmoja katika nchi jirani ya Jamhuri ya Dominika alizinakili na kuzipakia upya kama zake. Shirika la habari la AFP la Ufaransa, likihangaika kutafuta picha za Haiti, lilizichukua na kuzisambaza kwa jina la yule aliyenakili. Mshirika wake, Getty Images, naye akazisambaza. Uso wa yule mwanamke ukaenea kwenye magazeti ya nchi nyingi, na jina lililoandikwa chini yake halikuwa la mtu aliyesimama mbele yake na kamera.

AFP ilituma sahihisho, kisha ikaagiza picha ziondolewe, lakini nakala zenye jina lisilo lake ziliendelea kupatikana kwa Getty. Morel alipodai haki yake, AFP ndiyo iliyotangulia kwenda mahakamani New York, Machi 2010, ikiomba itamkwe kwamba haikuvunja hakimiliki, kwa hoja kwamba masharti ya Twitter yaliruhusu matumizi hayo. Januari 2013 jaji aliikataa hoja hiyo. Novemba mwaka huohuo baraza la mahakama likaamua Morel alipwe dola milioni 1.2. Vyombo kadhaa vikubwa vya Marekani vilikuwa tayari vimemalizana naye nje ya mahakama.

Jambo moja katika kesi hii lina uzito kwa kila anayepiga picha, anayeimba au anayechora. Jina la Morel kando ya picha, yale maneno machache kwenye ukurasa, lilihesabiwa kuwa taarifa ya haki za mwenye kazi, ambayo sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuibandua au kuibadilisha. Picha zenyewe zilifika salama ulimwengu mzima. Jina ndilo lililoachwa njiani, na kulirudisha kulichukua karibu miaka minne.

Ili kuelewa jina huachwaje njiani, inabidi kwanza kulijua faili lenyewe.

Watu wengi huamini aina ya faili ni zile herufi tatu au nne baada ya nukta, na kwamba ukibadilisha .png kuwa .jpg umeigeuza picha. Hujaigeuza. Aina ya faili imeandikwa ndani, kwenye baiti za mwanzo kabisa. Picha ya GIF huanza na herufi GIF87a au GIF89a, miaka ambayo matoleo yake mawili yalitoka. PNG hubeba herufi PNG katika baiti zake nane za kwanza. JPEG hufunguliwa na baiti mbili ambazo programu yoyote ya picha huzitambua mara moja. Baada ya utambulisho huo ndipo huja maelezo, kisha picha yenyewe. Kwenye hayo maelezo ndipo palipo na nafasi ya jina, na kila umbizo lina desturi yake: moja huipa nafasi pana, jingine finyu, jingine haliipi kabisa.

JPEG ndiyo inayostahili kuanza, kwa sababu karibu kila picha inayopita kwenye simu za Afrika Mashariki ni ya aina hiyo. Kiwango chake kilikamilishwa mwaka 1992, lakini hesabu iliyo moyoni mwake ni ya zamani zaidi. Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, aliomba fedha za kuitafiti mwaka 1972 kutoka Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani. Alinyimwa. Aliendelea bila fedha hizo, na Januari 1974 makala yake ikachapishwa pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Hesabu hiyo huchukua kipande cha picha, kwa kawaida pikseli nane kwa nane, na kukieleza kama mchanganyiko wa mawimbi: mengine mapana yanayobeba sura kwa jumla, mengine membamba yanayobeba chembechembe ndogo. Jicho la binadamu halizioni vizuri zile ndogo, kwa hiyo JPEG huzipunguza au huzitupa kabisa. Picha ya megabaiti ishirini inabaki megabaiti mbili, na mtazamaji hahisi pengo.

Mamilioni ya watu hutuma picha kwa hesabu hii kila saa, na wachache mno wamewahi kulisikia jina la Nasir Ahmed. Aliyeutengeneza ubao ambao juu yake wengine huchora naye ni mtunzi.

Kilichotupwa na JPEG hakirudi. Picha ikifunguliwa, ikarekebishwa na kuhifadhiwa tena, hutupwa kingine, na kingine, hadi kingo za nyuso zinaanza kuonyesha mirabaraba. Herufi ndizo huumia zaidi, kwa kuwa ukingo mkali wa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe ni kitu ambacho mawimbi hukieleza kwa shida. Ndiyo maana bango la harusi au cheti kilichotumwa kama JPEG huwa na ukungu kuzunguka maandishi. Kwa kazi zenye maandishi, michoro na nembo, PNG ndiyo mahali pake, kwa sababu yenyewe hubana bila kutupa chochote.

PNG ilizaliwa kwa ugomvi. Desemba 1994 kampuni ya Unisys, iliyomiliki hataza ya njia ya ubanaji iliyotumika kwenye GIF, ilitangaza kwamba watengenezaji wa programu walipaswa kuilipia. Wahandisi waliokuwa wakijadiliana kwenye mtandao wakaamua kutengeneza umbizo huru, na Oktoba 1996 likapitishwa rasmi. Watu hao walikuwa wametoka kwenye mgogoro wa nani mwenye kitu gani, na pengine hilo liliwafundisha jambo, kwa kuwa kwenye maelezo ya PNG waliorodhesha tangu mwanzo sehemu za kuandika kichwa cha kazi, mtunzi, hakimiliki na chanzo. Sehemu hizo zipo hadi leo. Faili nyingi za PNG huzibeba zikiwa tupu.

JPEG nayo ilikuja kuongezewa vyumba viwili. Cha kwanza ni Exif, kilichobuniwa Japani miaka ya 1990, ambamo kamera huandika yenyewe saa, lenzi, mwanga na, kwenye simu, mahali picha ilipopigwa. Humo pia mna sehemu ya msanii na ya hakimiliki. Kamera nyingi za kitaalamu humruhusu mwenyewe kuliandika jina lake mara moja kwenye menyu, kisha kila picha inatoka nalo. Chumba cha pili kiliwekwa na wanahabari. Baraza la kimataifa la mawasiliano ya habari, IPTC, lililoanzishwa London mwaka 1965, liliweka utaratibu wa kueleza aliyepiga picha, nani atajwe, nani mwenye hakimiliki na picha inaonyesha nini. Utaratibu huo hutenganisha aliyeitengeneza picha na anayepaswa kutajwa, kwa sababu si mara zote ni mtu yuleyule: mpiga picha ni mmoja, shirika lililomtuma ni jingine. Mhariri anayejua tofauti hiyo hawezi kuandika jina la shirika peke yake na kuona amemaliza kazi.

Kwa upande wa sauti, simulizi ni tamu zaidi, na inauma zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Karlheinz Brandenburg alikuwa Erlangen, Ujerumani, akitafuta njia ya kubana muziki. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande. Wimbo wa dakika nne hufika megabaiti 42 hivi, mzigo ambao laini za simu za wakati ule zisingeuweza. Brandenburg na wenzake walitumia udhaifu wa sikio: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani yake, na kilichofunikwa kinaweza kuondolewa bila msikilizaji kukikosa. Kisha akausikia wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", uliotoka mwaka 1987, mwanamke mmoja akiimba bila ala hata moja. Aliupitisha kwenye mfumo wake na sauti ya Vega ikatoka imeharibika. Hapakuwa na ngoma wala gitaa la kuficha makosa. Akaurudia na kuurudia, akirekebisha hesabu zake, hadi sauti ile ikatoka safi. Kiwango kilichapishwa mwaka 1993, na tarehe 14 Julai 1995 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer walikubaliana faili hizo ziishie na .mp3.

Wimbo huohuo una mkasa mwingine. Mwaka 1990 maprodyuza wawili wa Uingereza waliojiita DNA waliichukua sauti ya Vega bila ruhusa, wakaiwekea mapigo ya dansi na kuchapisha santuri. Lakini jina lake waliliandika, kwamba anayesikika ni yeye. Kampuni ya Vega ilipoisikia, badala ya kuwafikisha mahakamani, iliinunua ile rekodi na kuitoa rasmi, ikashika namba mbili Uingereza. Kutaja jina hakukuwafutia kosa la kutoomba ruhusa, na ikumbukwe hivyo. Ila jina lilipokuwepo, mwenye kazi alijulikana, na mazungumzo yakawa na pa kuanzia.

MP3 ilipotoka haikuwa na mahali pa kuandika jina la mtu yeyote. Faili lilibeba sauti peke yake. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni kibandiko kidogo kinachoitwa ID3, akakiweka mwishoni kabisa mwa faili ili programu za zamani zisisumbuke nacho. Kibandiko kizima kilikuwa na baiti 128. Herufi 3 za kukitambulisha, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na namba moja ya mtindo wa muziki.

Tazama kilichokosekana. Hapakuwa na sehemu ya mtunzi. Kwa muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya, ambamo bendi ina jina lake, mwimbaji lake, mpiga solo lake, na mtunzi anaweza kuwa mtu wa nne aliyekaa nyuma na trampeti, mtu muhimu kuliko wote hakuwa na pa kuandikwa. Halafu herufi zenyewe hazikutosha. Andika "Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano", bendi ya mwanamuziki yule wa Morogoro aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Ni herufi 34 pamoja na nafasi. Kibandiko kitaishia "Mbaraka Mwinshehe na Super Vol". Na kwenye orodha ya mitindo 80 ya mwanzo, polka ilikuwa na namba yake, hata vichekesho vilikuwa na namba, lakini taarabu haikuwemo, dansi haikuwemo, rumba haikuwemo. Aliyeinakili taarabu kutoka kwenye kaseti alilazimika kuchagua "Ethnic", au aache wazi.

Hakuna aliyekusudia kumdhulumu mtu. Kemp alikuwa akitatua tatizo dogo kwa baiti chache, na hiyo ni sifa yake. Toleo la pili la ID3, lililotoka mwaka 1998, lilifungua nafasi kwa mtunzi wa muziki, mwandishi wa mashairi, hakimiliki, mashairi yenyewe na hata picha ya jalada, bila ukomo wa herufi thelathini. Lakini kufikia hapo desturi ilishajengeka. Faili zilizojazwa kwenye CD, baadaye kwenye flashi na memori kadi katika vibanda vya kuuza nyimbo, zilikuwa na majina kama "Track 01", au jina la mwenye kibanda na namba yake ya simu mahali palipostahili kuwa pa msanii. Kizazi kizima kimezijua nyimbo kwa sauti bila kuwajua waliozitunga.

Na hili halikuanza na kompyuta. Ugomvi juu ya nani alitunga "Malaika" ni wa siku za santuri: Fadhili William aliurekodi na kutambuliwa kwa miaka mingi kuwa mtunzi, huku wengine, akiwemo Adam Salim, wakitajwa kuwa ndio wenye wimbo. Miriam Makeba akaufikisha duniani kote, na hadi leo mjadala haujafungwa.  Aliyeandikwa kwenye lebo ya santuri ndiye aliyebaki.

Watunzi wa tenzi walikuwa na mbinu ambayo haikutegemea lebo ya mtu mwingine. Wengi walitaja katika beti za mwisho jina la mwenye kutunga, mwaka wa Hijria na hata idadi ya beti. Mnakili wa Lamu au Pate aliyetaka kulitoa jina ilimbidi auvunje utenzi, na aliyeruka beti alijulikana kwa hesabu. Maprodyuza wa Bongo Fleva wamelifikia jambo lilelile kwa njia yao: sauti fupi inayotaja jina lao mwanzoni mwa wimbo, kama inavyosikika kwenye kazi za prodyuza Lizer. Wapo wasikilizaji wanaoona ni majigambo. Ukiijua historia ya ID3 utaona ni busara kubwa, kwa maana wimbo huo ubadilishwe kuwa MP3, utumwe mara elfu, jina linabaki ndani ya sauti.

Hilo ni la thamani kwa sababu vibandiko vingine vyote hubanduka kirahisi. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa upya, na maelezo yake ya ndani, Exif na IPTC pamoja, huondolewa. Skrinishoti ndiyo kali kuliko zote: hutengeneza faili jipya kabisa ambalo halina uhusiano wowote wa ndani na la kwanza. Mpiga picha wa harusi Mwanza anaweza kuwa ameandika jina lake kwa uangalifu kwenye kamera, na kufikia picha kwenye kundi la familia jina limeshafutika bila mtu kugusa kitufe chochote.

Haki inataka kusema upande wa pili pia. Maelezo hayohayo yanaweza kumwumiza mtu. Desemba 2012, John McAfee, mfanyabiashara wa programu za kuzuia virusi, alikuwa mafichoni baada ya kukimbia Belize. Jarida la Vice, lililokuwa naye, likachapisha picha yake mtandaoni iliyopigwa kwa simu ya iPhone. Ndani ya Exif mlikuwa na vipimo vya mahali, na wasomaji wakagundua mara moja kuwa yupo Guatemala. Majukwaa yanapofuta maelezo ya mahali yanamkinga mama anayepiga picha ya mwanawe nyumbani. Kasoro ni kwamba yanafuta kwa mkupuo, mahali na jina pamoja, wakati programu inaweza kabisa kuondoa kimoja na kukiacha kingine. Huu ni uamuzi wa watengenezaji, na unaweza kubadilishwa.

Mpaka ubadilike, yapo ya kufanya. Faili linalotumwa WhatsApp kama hati badala ya picha hufika kama lilivyo, na jina lake ndani. Programu ya bure ya ExifTool, iliyoandikwa na Phil Harvey, husoma na kuandika maelezo ya aina nyingi za faili. Kwa MP3, programu kama Mp3tag au MusicBrainz Picard huonyesha kila sehemu iliyo tupu, na kumjaza mtunzi ni kazi ya sekunde chache. Kwa video, ni vizuri kufahamu kwamba MP4 ni kontena tu: ndani yake mna picha zilizobanwa kwa njia moja, sauti kwa njia nyingine, na maelezo pembeni. Ndiyo maana video mbili zenye .mp4 huweza moja kufunguka kwenye televisheni na nyingine ikakataa.

Hata hivyo jina lililo ndani ya faili ni kwa ajili ya mashine na mhariri makini. Msomaji wa kawaida huliona lile tu lililoandikwa mahali macho yanapofika. Hapa ndipo vyombo vya habari vya Kiswahili vina deni kubwa. "Picha kwa hisani ya mtandao." Maneno haya yamechapishwa mara nyingi kiasi kwamba yanaonekana kuwa kanuni ya uandishi. Mtandao haupigi picha. Kila picha iliyomo imepigwa na mtu, na mara nyingi kumpata mtu huyo ni suala la dakika tano: kuitafuta picha kwa picha yenyewe kwenye Google, kwenda kwenye chapisho la zamani kuliko yote, kusoma maandishi chini yake. Hisani hutolewa na mwenye mali aliyeombwa. Kama hakuombwa, hakuna hisani iliyotolewa.

Sheria iko wazi kuliko desturi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 uliongezewa kifungu mwaka 1928 kinachompa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, haki inayobaki kwake hata akiwa ameuza mapato yote ya kazi yake. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar ina yake ya mwaka 2003, chini ya COSOZA. Kenya ina ya mwaka 2001, na KECOBO kama msimamizi. Kulipa na kutaja ni madeni mawili tofauti. Aliyelipia picha bado anadaiwa jina, na aliyetaja jina bado anaweza kudaiwa malipo.

Leseni za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza Desemba 2002, zimerahisisha upande huu kwa wale wanaotaka kazi zao zitumike bure. Mwenye kazi hutangaza mapema masharti yake, na karibu leseni zote hizo zina sharti moja la msingi: mtaje. Mamilioni ya picha kwenye Wikimedia Commons, hazina iliyofunguliwa mwaka 2004 na ambayo Wikipedia ya Kiswahili huchota picha zake humo, ziko chini ya masharti ya aina hiyo. Utajo kamili una mambo manne: jina la kazi, jina la aliyeitengeneza, mahali ilipotoka na leseni yake. La tano huongezwa pale kazi inapokuwa imebadilishwa.

Mfano mzuri ni ile picha ya dunia nzima iliyopigwa tarehe 7 Desemba 1972 kutoka chombo cha Apollo 17, umbali wa kilomita 29,000 hivi. Afrika inaonekana ndani yake, kuanzia Mediterania hadi Rasi ya Tumaini Jema, na pwani ya Waswahili iko humo. Kwa kawaida huchapishwa shuleni na kwenye kalenda bila neno lolote. Utajo wake ungekuwa hivi: "Dunia kutoka Apollo 17, 7 Desemba 1972. Picha: wanaanga wa Apollo 17, NASA, namba AS17-148-22727. Mali ya umma. Imegeuzwa juu chini na kupunguzwa kingo." Maneno ya mwisho si mapambo. Katika picha halisi ncha ya kusini iko juu. Waliochapisha ndio walioigeuza ili ifanane na ramani. Na kwa kuwa wanaanga wote watatu walishika kamera katika safari ile, NASA huwataja kwa pamoja, jambo la uungwana linaloweza kuigwa na yeyote asiye na hakika ni nani kati ya wenzake aliyebonyeza. Picha ni mali ya umma, kwa hiyo hakuna atakayeshtakiwa kwa kutowataja. Wanatajwa kwa sababu ndio walioipiga, na kwa sababu mwanafunzi akiijua namba ataweza kuipata picha yenyewe.

Siku hizi yanajengwa mambo mapya. Mwaka 2021 Adobe, Arm, BBC, Intel, Microsoft na Truepic waliunda umoja uitwao C2PA, unaotengeneza njia ya kuweka ndani ya faili historia iliyofungwa kwa saini ya kidijitali: nani aliipiga, kwa kamera gani, nani aliirekebisha, na kama programu ya akili unde ilihusika. Mtu akibadilisha historia hiyo, saini inakataa. Ni hatua njema, nayo ina mpaka uleule wa zamani: saini huonyesha kwamba maelezo yamechezewa, lakini skrinishoti bado inaweza kuyaacha yote nyuma.

Kazi iliyo karibu zaidi na nyumbani, na ya haraka zaidi, ni ya kanda. Bendi za dansi na vikundi vya taarabu vya miaka ya 1960 na 1970 vilirekodi sehemu kubwa ya kazi zao Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda hizo zilirithiwa na shirika la utangazaji la TBC. Wapo pia watu binafsi kuanzia Tanga hadi Zanzibar wenye makabati ya kaseti. Kanda za sumaku huchakaa, kwa hiyo zinatakiwa kuhamishiwa kwenye faili, na hapo swali la aina ya faili linakuwa na uzito wa pekee. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinashauri rekodi ya kuhifadhi isipungue vipimo 48,000 kwa sekunde kwa biti 24, katika faili lisilotupa kitu. Umoja wa watangazaji wa Ulaya ulitoa mwaka 1997 aina ya WAV iliyokusudiwa redio, yenye nafasi ya herufi 256 za maelezo na nyingine za chanzo na tarehe. Humo anaenea mtunzi, mwimbaji, mpiga solo, mpiga besi, fundi mitambo na siku ya kurekodi.

Mashine ya kuhamisha sauti haisomi boksi la kanda, na mara nyingi majina yameandikwa hapo kwa kalamu na hayapo popote pengine. Kwa hiyo boksi hupigwa picha kwanza, pande zote, na picha hiyo ikahifadhiwa pamoja na sauti kwa namba moja. Wazee wa bendi walio hai huchezewa wimbo na kuulizwa nani alitunga na nani anasikika kwenye solo, kwa kuwa boksi hutaja bendi tu mara nyingi. Majibu yao huandikwa ndani ya faili kuu, pamoja na jina la aliyejibu na tarehe. MP3 ya kupeleka redioni au kwenye simu hutolewa baadaye kutoka hapo, sehemu ya mtunzi ikiwa imeshajazwa.